Dashibodi inasema hivi, sheli inasema vile: tupeane uzoefu wa ulaji halisi wa gari lako

Wakuu, habari za majukumu.

Mtu anauza gari, anapiga picha ya dashibodi, anaandika "kilomita 16 kwa lita, ushahidi huo hapo". Mnunuzi anapanga bajeti ya mafuta kwa namba hiyo, na mwezi wa kwanza tu pesa haitoshi. Nimeona watu wakigombana kwa hilo mpaka urafiki ukafa. Naomba tukusanye hapa namba za kweli: dashibodi yako inasema nini, na ukipiga hesabu ya lita ulizonunua unapata nini.

Naanza mimi. Saluni ya Kijapani, cc 1500, petroli, otomatiki. Njia yangu ni Kibaha mpaka Posta, na foleni ya Kimara imo. Najaza mpaka pampu ijikate yenyewe, narudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari) sifuri, natembea. Tanki likikaribia kuisha narudi pampu ileile, najaza mpaka ijikate tena, basi, sibembelezi mhudumu aongeze kidogo. Mara ya mwisho tripu ilisoma kilomita 512, zikaingia lita 37.6. Ukigawanya ni 13.6 kwa lita. Dashibodi ilikuwa inasema 14.8. Imenipamba kwa karibu asilimia 9. Daftari langu linaonyesha pengo hilo linacheza kati ya asilimia 7 na 10, na siku zote ni upande uleule, haijawahi kusema chini ya ukweli.

Sababu ni kwamba gari halipimi mafuta yanayopita. Kompyuta ya injini inajua kila nozeli (kidude kinachonyunyizia injini mafuta) imefunguka kwa sehemu gani ya sekunde, inazidisha na kiasi ambacho nozeli mpya ingepitisha kwa presha ya kawaida, hicho ndicho inachokiita lita. Kilomita inazipata kwenye mzunguko wa matairi. Kwa hiyo unachosoma pale mbele ni makadirio mazuri yanayotegemea vitu vingi kubaki kama vilivyotoka kiwandani, na gari lenye miaka 15 lina vichache vilivyobaki hivyo.

Ukichangia, tafadhali taja cc, njia unayopita, matairi kama ulibadilisha saizi, na namna ulivyojaza. Bila hayo namba haitusaidii.

Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, hapo kwenye matairi umegusa penyewe. Nina pikapu ya dizeli, safari zangu ni Mbeya–Tunduma na vijijini huko Mbozi. Nilipoinunua ilikuwa na matairi ya 265/65 R17, nikaweka 265/70 R17 ili iinuke kidogo kwa ajili ya barabara za masika. Tairi jipya lina kipenyo cha milimita 803 hivi, la zamani 776. Ni tofauti ya asilimia 3.4.

Baada ya hapo dashibodi ikashuka na hesabu ya tanki ikashuka vilevile, nikadhani gari limeanza kula. Kumbe tairi kubwa linazunguka mara chache kwa umbali uleule, kwa hiyo odometa inahesabu pungufu. Nikitembea kilomita 100 za kweli, yenyewe inaandika kama 96.7. Na hapa ndipo watu wengi wanapotea: ukigawanya kilomita za odometa kwa lita za sheli, hutaliona kosa hilo kamwe, maana dashibodi na daftari lako vyote vinakula kutoka odometa moja. Nimelinganisha na nguzo za kilomita za barabara kuu, na GPS ya simu ikakubaliana nazo. Sasa hivi kila kilomita za tripu nazizidisha kwa 1.034 kabla ya kugawanya.

Mwanzisha mada

Asante sana. Hii naomba kila aliyebadilisha rimu aisome mara mbili. Na wale mnaoweka tairi ndogo kuliko ya kiwandani, kwenu ni kinyume: odometa inazidisha, gari linaonekana linanusa tu mafuta wakati si kweli.

Mchangiaji, Sinza

Mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni, cc 1300. Kujaza tanki sisi ni ndoto, unaweka ya elfu 20, ukipata abiria wawili watatu unaweka nyingine ya elfu 15. Nilikuwa naamini hatuwezi kabisa kujua ulaji halisi. Jamaa mmoja akanifundisha: mwanzo wa mwezi jitahidi ujaze mpaka ijikate mara moja, katikati weka kadiri unavyopata lakini tunza kila risiti ya EFD, lita zimeandikwa pale, mwisho wa mwezi jaza tena mpaka ijikate. Jumlisha lita zote zilizoingia baada ya ule ujazo wa kwanza, gawanya.

Mwezi uliopita kilomita 2,940, lita 268. Ni 10.97 kwa lita. Dashibodi 11.9. Tajiri wangu alikuwa ananikatia hesabu kwa ile ya dashibodi, nikamwekea risiti mezani na daftari, akazikubali.

Kingine, tunasubiri abiria juani na kiyoyozi kimewashwa. Injini ndogo ikiunguruma bila kutembea inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kilomita ni sifuri. Wastani wa dashibodi unashuka mbele ya macho yako, 12.6, 12.5, 12.4. Hapo dashibodi haidanganyi, lita zinaondoka kweli. Anayefanya kazi hii na kupanga bajeti kwa namba za mtu wa safari ndefu ataumia.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba na mimi niseme kwa ajili ya akina dada wenzangu wanaonunua gari lenye dashibodi ya Kijapani. Kwenye gari langu kitufe kilekile kinabadilisha namba nne: ulaji wa sekunde hii, wastani, kilomita zilizobaki, na tripu. Zote zinatokea sehemu moja, maandishi ni ya Kijapani. Ya sekunde hii utaijua kwa kurukaruka: ukiachia mafuta kwenye mteremko inapanda mpaka mwisho, kwa sababu injini za kisasa hukata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia na mwendo bado upo. Ukikanyaga kupanda inaanguka mpaka 4 au 5. Wastani hautikisiki hivyo. Anayekuonyesha namba ya kuvutia, mwambie atembee nayo mita 200 muangalie wote inavyofanya.

Halafu hizi "kilomita zilizobaki" tusizichukulie poa. Nikitoka Morogoro kwenda Iringa niliona 210 kabla ya mlima wa Kitonga. Nilipofika juu ya mlima zilikuwa 148, na umbali niliotembea haufiki hata nusu ya zilizopungua. Namba hiyo inakokotolewa kwa jinsi ulivyokula muda mfupi uliopita, haijui kama mbele kuna mlima. Mimi nikiona 100 natafuta sheli.

Mchangiaji, Nairobi

Wapendwa, huku kwetu magari mengi pia hutoka Uingereza, na dashibodi husoma maili kwa galoni. Rafiki yangu alionyeshwa gari lenye 42. Dalali akazidisha kwa 0.425 akamwambia ni karibu kilomita 18 kwa lita. Hiyo 0.425 ni ya galoni ya Marekani, yenye lita 3.785. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, kwa hiyo unazidisha kwa 0.354, unapata 14.9. Kilomita tatu kwa kila lita zilipotea kwenye hesabu ya dalali peke yake, hata kabla hatujauliza kama dashibodi inasema kweli. Na ukikutana na dashibodi ya lita kwa kilomita 100, gawanya 100 kwa namba hiyo: ikisema 8, ni 12.5 kwa lita.

Gari langu ni la cc 1800, uzito wa tani moja na nusu hivi. Nairobi–Mombasa nikishuka, dashibodi 16.1, hesabu ya tanki 15.2. Kurudi, dashibodi 14.0, tanki 13.2. Pengo ni lilelile la asilimia 6 pande zote mbili, ingawa ulaji wenyewe umebadilika sana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kuinua tani moja na nusu mpaka huko kunadai karibu lita 3 za ziada. Anayekutumia picha ya dashibodi akiwa Mombasa, muulize alitoka wapi.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nieleze kwa nini dashibodi inaweza kukusifia siku ileile gari lako linapougua.

Nozeli ikichakaa inavuja, matone yanaingia hata ikiwa imefungwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona mafuta yamezidi, inaiambia kompyuta, kompyuta inafupisha muda wa kufungua nozeli. Sasa dashibodi inahesabu huo muda mfupi. Matone yaliyoingia yenyewe hakuna anayeyahesabu. Matokeo yake namba inapendeza na tanki linakauka. Nozeli zikiziba ni kinyume: kompyuta inarefusha muda ili injini ipate inachotaka, dashibodi inaandika ulaji mkubwa kuliko wa kweli.

Alikuja mama mmoja na gari la familia cc 2000. Asubuhi likiwashwa linatoa harufu ya petroli, plagi mbili nyeusi kama mkaa. Dashibodi 11.0, yeye kwa kujaza anapata 8.5. Pengo la namna hiyo si la kawaida. Nikaweka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, masahihisho ya muda mrefu (kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta) yalikuwa hasi asilimia 16. Yakiwa ndani ya 5 juu au chini mimi huwa natulia, zaidi ya 10 natafuta tatizo. Tukabadilisha nozeli mbili. Akarudi baada ya wiki kadhaa analalamika kuwa dashibodi imeshuka mpaka 10.4, nimemharibia gari. Nikamuuliza, tanki je? Akafungua simu, akapiga hesabu ya ujazo wake palepale kaunta. 9.9. Gari lilikuwa limepona na dashibodi ilikuwa imeanza kusema kweli.

Kwa hiyo kama pengo lako ni asilimia 5 mpaka 10 na halibadiliki, endesha kwa amani. Likiongezeka ghafla, njoo gereji.

Na mnunuzi ajue hili: betri ikichomolewa, kwenye magari mengi wastani unaanza upya. Muuzaji akitembea usiku kwenye lami tupu kilomita 40, picha yake itakuwa nzuri sana na itakuwa haisemi chochote kuhusu maisha ya gari lile.

Mchangiaji, Tabata

Fundi umenifungua. Kwangu pengo lilibadilika kwa sababu nyingine. Dashibodi ilikuwa 13.9 karibu kila mara, hesabu yangu 12.9 kwenye vituo vitatu ninavyotumia. Kituo kimoja cha nne, sikitaji, kila nikijaza hapo inakuwa 11.4 au 11.5. Njia ileile, kazi ileile. Gari haliwezi kuugua kwa kituo kimoja tu. Nimeacha kujaza pale na nimepeleka taarifa Wakala wa Vipimo, kazi ya kupima pampu ni yao.

Mwanzisha mada

Umefanya vizuri kurudia mara kadhaa kabla ya kulalamika. Tanki moja halitoshi kumshtaki mtu: gari likiinamia upande mmoja, au mhudumu akibana bomba kwa kasi tofauti, pampu inaweza kujikata lita moja au mbili mapema. Ukijaza lita 10 tu, hizo ni asilimia 10 mpaka 20 za hesabu yako. Ukijumlisha matanki mengi linakuwa kosa dogo.

Mchangiaji, Ujerumani

Salamu kutoka huku. Tangu Januari 2021 magari mapya ya petroli na dizeli yanayosajiliwa Umoja wa Ulaya lazima yawe na kifaa kinachorekodi matumizi ya mafuta, na kosa lake lisizidi asilimia 5. Namba hiyo inasomwa kwa mashine kupitia soketi ya gari. Tume ya Ulaya ilitoa ripoti Machi 2024 kutokana na rekodi hizo: magari ya petroli na dizeli yanakula takriban asilimia 20 zaidi ya namba rasmi za maabara, na yale ya kuchaji kwenye plagi yenye injini ndani yake, wastani ni mara tatu na nusu. Msiwe na haraka ya kuamini namba ya kwenye karatasi ya mauzo kuliko ya dashibodi. Dashibodi walau iko barabarani na wewe.

Mchangiaji, Unguja

Haiburidi (gari la petroli lenye na mota ya umeme) haijasemwa, basi nitoe yangu. Cc 1500, kati ya Mjini na Nungwi. Dashibodi 22.5, matanki niliyojumlisha tangu mvua za vuli yananipa 20.9. Foleni za mjini haziisumbui kama petroli tupu, lakini nikikaa ndani na kiyoyozi, injini inawaka yenyewe kila baada ya muda kuchaji betri kubwa, na hapo wastani unashuka kama kawaida. Pengo langu ni asilimia 7 na nusu. Matairi ni saizi ya kiwandani ila yamelika, mwezi ujao naweka mapya, nitaleta namba tuone kama yanalibadilisha.