Nyie wa ile app ya mikopo yenye tangazo la sofa, mmenidhalilisha mbele ya darasa zima!!

Wakuu naandika hapa nimekaa chini ya mti nje ya ukumbi, sijala tangu asubuhi, mikono inatetemeka. Sitaji jina maana hakuna wa kutajiwa, mnaijua wote. Ile ya dada kwenye sofa jekundu, anacheka wee, simu inalia ting, pesa imeingia, anacheka tena. Nchi hii hata kuku wanalijua hilo tangazo.

Leo saa 4 asubuhi tulikuwa na presentesheni za propozo, mwaka wa tatu, wanafunzi 84. Mwalimu kaunganisha laptop yake na projekta, kafungua WhatsApp humohumo kwenye laptop kwa sababu kila mtu akikaribia zamu yake anamtumia slaidi pale, mwalimu anabofya, mtu anasimama anaeleza. Anayefuata ni mimi. Nimeshasimama kabisa nimeshika karatasi zangu. Ikaingia meseji namba ngeni, ina picha, mwalimu akajua ni slaidi za mtu, akabofya.

Sura yangu ikajaa ukuta mzima. Ile selfi waliyonilazimisha kupiga siku najisajili, "geuka kulia, geuka kushoto, fungua mdomo", sasa wao kati ya zote wakachagua ile ya mdomo wazi. Kitambulisho changu cha NIDA pembeni, namba zote zinasomeka mpaka aliyekaa nyuma kabisa. Juu maandishi mekundu TAPELI. Chini wameandika hivi: "Ndugu mdhamini, mtu huyu amekuweka wewe dhamana na ametoroka na pesa zetu, mwambie alipe au utalipa wewe."

Mwalimu akavua miwani. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akaangalia tena ukuta. Akasema taratibu kabisa, "Kijana, mimi nimekudhamini lini?"

Watu 84 wakuu. Kuna jamaa alicheka mpaka akatoka nje. Nimekidhaminisha chuo mimi? Nimemdhaminisha mwalimu wangu mimi? SIJAMWEKA MTU DHAMANA. Hakuna mahali niliandika jina la mwalimu. Wameingia kwenye simu yangu wamekuta nimesevu "Dr Supavaiza" wakaona huyu ndiye, tumpelekee.

Na deni lenyewe sasa mlijue. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi wa chuo, lilichelewa, nilitaka hela ya kuprinti na ya kula. Nikaomba 50,000. Ikaingia 33,500, nyingine wamekata wanaita ada ya huduma, huduma gani sijui, labda ya kunifumbua mdomo. Narudisha 50,000 kamili ndani ya siku 7. Leo ndio siku ya saba! Mkataba wao wenyewe umeandika mwisho ni leo saa 5:59 usiku. Saa 4 asubuhi nimetorokea wapi na nimesimama mbele ya darasa nimevaa tai?

Saa 6 mama ananipigia kutoka Mpwapwa. Mama anatumia kitochi, hajui app ni nini, ila yeye ndiye mweka hazina wa kikoba chao na mimi huwa namsaidia kuwatumia wenzake meseji za marejesho, kwahiyo namba zao ninazo. Wamama wote wamepata. Wote! "Ndugu mdhamini." Sasa mama anaulizwa kama mwanao ni tapeli ufunguo wa sanduku unakaa nao wa nini, na lile sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hata angetaka asingelifungua peke yake. Jioni wanakaa kikao wahesabu upya. Miaka sita mama yangu hajapoteza hata mia ya mtu.

Mtaniambia ulibonyeza Ruhusu mwenyewe. Ndiyo nilibonyeza, ukikataa inajifunga hauendi popote. Lakini mama alibonyeza wapi? Mwalimu alibonyeza wapi? Zile namba 312 zilizomo kwenye simu yangu sio zangu, ni za watu wameniamini nikae nazo, sasa mimi naweza kumpa mtu ruhusa ya kitu ambacho sio changu?

Na hilo tangazo sikulitafuta. Niliandika mara moja tu, MARA MOJA, "boom linatoka lini". Kuanzia siku ile yule dada hakuniacha, nikifungua video za kucheza yupo, nikiangalia matokeo ya mpira yupo, kama ningefungua friji angekuwepo. Mimi nilimwamini kwa sababu ni yeye, nimekua namwona, nikasema huyu hawezi kutangaza wezi. Dada na wewe kama unasoma hapa, ulilipwa shilingi ngapi kunikalisha chini ya huu mti?

"Kijana, mimi nimekudhamini lini." Naisikia mpaka sasa hivi. Presentesheni sijafanya, nilitoka.

Kiazi Mbatata: Bila ile picha ya mdomo wazi uzi huu haujakamilika

Mzee wa Kijiweni: Pole sana kijana. Ila 33,500 unarudisha 50,000 wiki moja na wewe upo chuo mwaka wa tatu, hesabu mnafundishwa lini, mwaka wa nne?

Bint Pangani: Nimecheka mpaka mtoto ameamka. "Dr Supavaiza" ametulia zake anakunywa chai kumbe ni mdhamini wa mtu

Fundi Simu: Mkuu swali moja, uliishusha Play Store au walikutumia linki? Maana Play Store tangu Mei 31, 2023 app za mikopo zimekatazwa kusoma namba za watu na picha. Ndio maana siku hizi wanakuletea faili lao la kuinstall pembeni.

Mleta uzi: Linki mkuu. Tangazo ukilibofya linakupeleka kwenye ukurasa wao, faili linashuka lenyewe.

Fundi Simu: Basi hapo ulishaingia choo cha kike. Na kuifuta sasa hivi haisaidii, hizo namba zilikwenda kwenye seva zao dakika ileile uliyobonyeza. Nenda kwenye mipangilio, programu, ruhusa, ufunge kila kitu halafu ndio uifute, angalau meseji zako mpya wasizisome.

Kausha Damu Survivor: Na Benki Kuu, BoT, Novemba 2024 walitoa orodha ya app na majukwaa 69 yasiyo na leseni, ilisambaa kila grupu. Hukuiona?

Mleta uzi: Niliiona LEO baada ya mambo kutokea. Hiyo app IPO mle ndani. Sasa niambieni, ipo kwenye orodha na tangazo linaendelea kunitokea, hata hivi ninavyoandika limepita juu ya kioo, dada anacheka. Na mwalimu yuko ndani anaendelea na wengine. Nimekudhamini lini!

Kiazi Mbatata: Sasa sisi ndio tumekudhamini lini mbona unatuuliza

Nyangumi wa Ferry: Chai hii. Mwalimu gani wa chuo anafungua WhatsApp kwenye projekta

Bint Pangani: Wote mkuu. Wetu alifungua tukaona mke wake kaandika "ukirudi pitia mkaa"

Wakili Msomi Mtarajiwa: Tuwe siriasi kidogo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume yake kabisa inapokea malalamiko. Piga skrinshoti ya kila meseji ya mama na ya mwalimu, namba iliyotuma ionekane, tarehe na saa zionekane. Hiyo ya kuanika NIDA yako mbele ya watu ni kubwa kuliko hilo deni. Pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udhalilishaji wa mitandaoni. Usifute kitu kwa hasira.

Mleta uzi: Asante sana mkuu. Skrinshoti ya mwalimu naipataje sasa, niende nimwambie Dr naomba ile picha yangu ya tapeli? Yaani nimtazame usoni?

Mzee wa Kijiweni: Nenda na mdhamini

Mwana wa Eastlands: Huku Kenya 2023 Kamishna wa data alipiga faini app ya mikopo karibu milioni 3 za Kenya kwa hiyo maneno ya kusumbua kontakti za watu. Klabu ya Nairobi nayo ikalipishwa 1.85m juu ya kuposti picha ya mteja bila ruhusa, shule moja 4.55m juu ya picha za watoto. Andika malalamiko boss, wacha kulia chini ya mti.

Kiazi Mbatata: 4.55m kwa picha za watoto?? Shule ya mwanangu inaposti kila Ijumaa mpaka akiwa anapiga mswaki, hakuna mzazi aliyewahi kuulizwa

Mama Wawili: Usinikumbushe. Wangu walimposti siku amejikojolea, nimeiona kwa jirani, anakuja kunionyesha kabisa "huyu si wako". Nilipopiga simu shule wananiambia mama mbona amependeza.

Nyangumi wa Ferry: Hizo picha ni nafuu. Mimi hawa online TV walinikuta nanunua samaki, maikrofoni hiyo mdomoni, naulizwa bei ya pweza imepandaje. Nimejibu vizuri tu. Jioni video imekuja na kichwa JAMAA AANGUA KILIO, MKE AMKIMBIA KISA PWEZA. Sina mke!! Na sijalia!!

Bint Pangani: Pweza jamani hahahaha

Dereva wa Chanika: Mimi wanaoniudhi ni hawa wa "ile hela itume kwenye namba hii". Laini si tulisajili wote kwa alama za vidole mwaka 2020, tulipanga foleni NIDA mpaka mgongo ukapinda, sasa hawa laini zao wamezisajili kwa vidole vya nani?

Fundi Simu: Vyako mkuu. Piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako.

Dereva wa Chanika: Zipo tano. Mimi nina mbili.

Dereva wa Chanika: Fundi njoo PM haraka

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mama amepiga tena, kikao kimeanza, ameniomba nimpigie mwenyekiti wao nimweleze mwenyewe kwa mdomo wangu. Namwelezaje mama wa miaka 60 kwamba kuna kampuni ilisoma simu yangu? Na hao wa sofa wanatuma tena sasa hivi, wamesema wakimaliza namba zangu wataweka kwenye grupu la darasa.

Mama Wawili: Mwambie hivi mwanangu, kuna watu wameiba daftari lako la namba za simu na wanamtumia kila mtu matusi. Hiyo ataelewa. Wamama wa kikoba sio wajinga, wanajua wizi kuliko wewe. Na mkingie mama yako, hilo ndilo la kwanza.

Mleta uzi: Asante mama. Ngoja nimpigie.

Kiazi Mbatata: Hapo kwenye kuwekwa kwenye grupu, nani mwingine amewahi kuunganishwa kwenye grupu la harusi ya mtu asiyemjua? Mimi jana nimefungua simu nakuta "Kamati ya Harusi ya J na N", watu 211, nimeshapangiwa laki moja

Nyangumi wa Ferry: Mimi nipo kwenye matatu. Namba yangu waliitoa wapi sijui. Nikitoka wananirudisha, admin anaandika "ndugu yetu network ilimsumbua"

Bint Pangani: Mbona wewe una bahati, mimi niliunganishwa kwenye la sendoff ya mke mpya wa eksi wangu na nikapangiwa ahadi

Dereva wa Chanika: Ukalipa?

Bint Pangani: Nililipa elfu 30 ili nimwone sura. Wakanitumia kadi ya single

Mzee wa Kijiweni: Elfu 30 single? Huko kwenu kuna nafuu. Kamati yetu juzi single elfu 70, double laki, na ukumbi ni wa shule

Kiazi Mbatata: Laki double kwenye ukumbi wa shule mtakula madawati?

Mleta uzi: Wamehesabu sanduku. Imetimia yote mpaka senti. Mwenyekiti amenipa pole ila amesema namba yake niifute kwenye simu yangu.

Mwana wa Eastlands: Boss hiyo laki ni ya Tanzania ama ya Kenya?

Mzee wa Kijiweni: Ya Tanzania. Ila soda tulikunywa moja moja