Mrejesho: portulaka zilizokuwa zikioza Malindi

Wadau, niliuliza kwa nini portulaka zangu, yale maua ya bustani ya kutambaa yenye majani manene, zinanawiri kiangazi kisha masika zinaoza shina, na kama upo mmea mwingine wa kutambaa wa kufunika mchanga upande wa baharini. Ahsanteni sana. Aliyesema adui ni maji kutuama, wala si mvua yenyewe, alipatia. Nilipochimba nikakuta fundi wa nyumba alijaza udongo mwekundu na kuushindilia. Maji hayana pa kwenda.

Nimeinua tuta kwa mchanga na kokoto za matumbawe, samadi kidogo mno. Samadi ikizidi unavuna majani, maua huyaoni. Vipandikizi nilivikata urefu wa kidole, nikaviacha kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo nikapanda. Mvua kubwa zimepita na shina ni gumu. Jirani bado ananiuliza mbona maua yamefumba jioni. Ndiyo tabia yake, yanafuata jua. Siku ya mawingu hata asubuhi hayafunguki vizuri.

Upande wa baharini, kusi ikivuma na chumvi yake, portulaka haikunifurahisha. Pale nimeweka sesuviamu, ule mmea wa majani manene na viua vya waridi unaojiotea wenyewe ufukweni. Maua yake madogo, sikatai, lakini chumvi haiusumbui, na unashika mchanga kweli.

Anayetaka vipandikizi vya portulaka ya njano apite achukue. Nyekundu bado hazijatosha kugawa.