Naomba ushauri: naongoza somo la Amosi kwa wanafunzi wenzangu, nianzie wapi?

Kijana wa Kitonga:
Bwana Yesu asifiwe wakuu, na kwa wasio wa imani yangu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuo kimoja cha mikoani. Kwenye ushirika wetu wa wanafunzi nimepangiwa kuongoza somo la Biblia, kitabu cha Amosi, hukumu na haki. Watu wetu wamezoea masomo ya mahusiano, mitihani na mafanikio. Nikifungua sura ya 5, pale Mungu anaposema anazichukia sikukuu zao na hataki kelele za nyimbo zao, naogopa wataona nawasema wao. Nipite sura zote tisa au nichague? Na niguse mambo ya hapa chuoni au nibaki kwenye Israeli ya kale? Usingizi umenipaa, naombeni msaada, somo ni Jumamosi.

Mama Kadogo:
Mwanangu, funga kwanza na uombe. Vijana wa siku hizi mnataka mbinu kabla ya magoti. Enzi zetu aliyepewa neno alikuwa hali chakula cha jioni mpaka ameketi nalo.

Mzee wa Kibaigwa:
Kijana, usianzie sura ya 5. Anzia ya 1, na usome kwa sauti. Chora ubaoni Israeli katikati, halafu kila taifa linapotajwa mtu aje aandike: Dameski kaskazini, Gaza upande wa bahari, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Kila hukumu inaanza vilevile, "kwa makosa matatu, naam, kwa manne". Wasikilizaji wa Amosi walikuwa wanaitikia kwa furaha, maana wanaochapwa ni jirani na adui. Inakuja Yuda, ndugu zao wa kusini, bado wanaitikia. Ndipo 2:6 inawageukia wenyewe: wamewauza wenye haki kwa fedha, na maskini kwa jozi ya viatu. Ukifika hapo nyamaza kidogo, waache waitazame ile ramani.

Waeleze pia hali ya nchi. Ni karne ya 8 KK, Yeroboamu wa Pili anatawala, mipaka imepanuka, biashara inakwenda, mahali pa ibada pamejaa. Vile vitanda vya pembe vya 6:4 si maneno ya kupamba. Waliochimba Samaria, mji mkuu wa Israeli, miaka ya 1930 walikuta vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa. Mwaka 722 KK hivi Waashuri wakauteka mji huo.

Fundi Rangi:
Jumamosi usiku? Angalia ratiba ya ligi kwanza. Ukigongana na mechi ya Simba, hukumu utaihubiria viti.

Binti wa Same:
Mzee wa Kibaigwa umefundisha vizuri. Lakini mleta mada, mimi nimeongoza vikundi vya Biblia miaka yote ya chuo na sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya mpangilio wa sura. Umeuliza kama uguse mambo ya hapo chuoni. Mambo gani?

Kijana wa Kitonga:
Ya kawaida tu, dada. Ubaguzi, watu kudhulumiana.

Binti wa Same:
Nani kamdhulumu nani?

Kijana wa Kitonga:
Sawa, nitasema. Mwenyekiti wetu anakopesha wanafunzi, hasa wa mwaka wa kwanza, bumu (pesa ya mkopo wa serikali) linapochelewa. Ukichukua elfu hamsini unarudisha elfu sitini na tano. Dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Bumu likiingia anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anakata chake, ndipo anakupigia uje uchukue kadi. Kadi hizo huziweka ndani ya kava la Biblia yake, lile la zipu, zimefungwa kwa mpira. Nimeziona kwa macho yangu akifungua zipu kwenye maombi ya asubuhi. Sasa someni Amosi 2:8, watu wanajinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani. Nitanyamazaje?

Muuza Vitenge Mbagala:
Umenitonesha kidonda. Mikopo kausha damu hii! Mimi nilichukua laki mbili kuongeza mtaji, marejesho kila wiki. Mtoto akaugua nikaruka wiki moja. Wakaja watatu mchana, wakabeba sofa na runinga, mtoto amelala kwenye hiyo sofa wakamhamishia kwenye mkeka. Majirani wamesimama mlangoni wanaangalia. Mpaka leo nikisikia pikipiki inasimama nje moyo unaruka. Halafu huyo wenu anafanya hivyo ndani ya maombi!

Fundi Rangi:
Dada pole sana. Hapo sina utani.

Mama Kadogo:
Mathayo 18 iko wazi. Mfuate ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Hata Nathani hakumsema Daudi sokoni, alimwendea na kisa cha mwana-kondoo wa maskini.

Binti wa Same:
Mama, kwa heshima zote, kifungu hicho cha Mathayo 18 kinaanza na "ndugu yako akikukosea". Hapa waliokosewa ni watoto wa mwaka wa kwanza wanaomwogopa mwenyekiti. Nimeona kifungu hicho kikitumika kuwafunga midomo wanyonge. Someni Nehemia 5. Watu wamelia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba, na watoto wao wanauzwa utumwani kwa madeni. Nehemia akawagombeza wakubwa, akaitisha mkutano, akawaapisha mbele ya makuhani kurudisha mashamba na riba. Na katika mstari wa 10 anataja kwamba yeye na ndugu zake nao wamekopesha. Hakujitoa kwenye hesabu.

Shahidi Asiyeitwa:
Wakuu, hii chai. Mleta mada alianza na "naogopa wataona nawasema", kumbe ana mtu wake. Akaulizwa akajibu "ya kawaida tu", ghafla tunaletewa kadi, zipu na mpira, vyote vinamwangukia Amosi 2:8 sawasawa. Kisa kimeshonwa kwa kipimo cha mstari. Na mwanafunzi gani wa leo anatoa namba ya siri? Ama umetunga, ama wewe ndiye unayekopesha na unapima upepo.

Muuza Vitenge Mbagala:
Mwenye njaa anatoa hata kitambulisho cha marehemu baba yake. Wewe hujawahi kukopa.

Shahidi Asiyeitwa:
Dada, wewe nakuamini. Yeye bado. Swali moja tu, kijana: huyo mwenyekiti akianguka, kiti anakaa nani?

Kijana wa Kitonga:
Sijatunga. Na ndiyo, uchaguzi wa viongozi ni mwezi ujao na fomu nimerudisha, nagombea uenyekiti. Sikusema kwa sababu nilijua mtaacha dhuluma mnijadili mimi. Lakini kugombea kwangu kunafuta zile kadi? Tangazo la somo limeshabandikwa hosteli zote. Na kuna binti wa mwaka wa kwanza, kadi yake iko mle, amekubali kusimama atoe ushuhuda nikifika 2:8. Sitamtaja mwenyekiti jina. Kila mtu ataelewa.

Shahidi Asiyeitwa:
Sasa nakuamini. Chai haiwi chungu hivi.

Mzee wa Kibaigwa:
Kijana, fungua sura ya 7 kuanzia mstari wa 10. Amazia, kuhani wa Betheli, anampelekea mfalme habari kwamba Amosi amefanya fitina. Kisha anamwambia Amosi aende zake Yuda, akale mkate wake huko na kutabiri huko. Yaani anamwona mtu wa tumbo, anayetafuta nafasi. Amosi anajibu, "Mimi sikuwa nabii, wala sikuwa mwana wa nabii, bali nalikuwa mchungaji, na mtunza mikuyu." Betheli haina anachokihitaji. Ana mifugo yake na mikuyu yake kwao Yuda, na kiti cha Amazia hakitaki. Ile shutuma haikupata pa kushika.

Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipopeleka barua ya maaskofu kwa Idi Amin mwaka 1977, naye alisingiziwa kupanga mapinduzi. Akauawa Februari mwaka huohuo, na waumini wake hawakuuamini uzushi ule, kwa sababu hakuwa akiitafuta ikulu. Wewe mwenyekiti akisimama Jumamosi aseme "huyu anataka kiti changu", utajibu nini? Atakuwa amesema kweli. Na zile kadi zitasahaulika palepale, watu watabaki kuhesabu kura.

Kijana wa Kitonga:
Nikijitoa kwenye uchaguzi atapita bila kupingwa na ataendelea kukopesha. Nikiacha somo, hakuna mwingine aliyejiandaa.

Mzee wa Kibaigwa:
Basi chagua kimoja. Fundisha Jumamosi ukiwa umeshaondoa jina, au gombea na somo umpe mlezi wenu. Maandalizi yako mkabidhi, Amosi si mali yako.

Mama Kadogo:
Na mlezi aelezwe habari ya kadi. Hapo naungana na Binti wa Same.

Kijana wa Kitonga:
Mzee, nimekuelewa, lakini kujitoa nahisi ni kumpa ushindi. Nitaongea na mlezi kesho. Jina siwezi kuahidi.

Binti wa Same:
Mnabishana juu ya uenyekiti, mimi namfikiria yule binti. Akisimama mbele ya watu aseme kadi yake iko kwa mwenyekiti, usiku huo analala chumba gani? Akidaiwa alipe kesho yake, nani atamlipia? Wewe umemweka awe mstari wako wa mwisho. Bumu linatoka lini?

Kijana wa Kitonga:
Tetesi zinasema wiki ijayo.

Binti wa Same:
Basi hilo halisubiri Jumamosi. Kesho aende benki aifunge kadi, apewe nyingine na namba mpya ya siri. Aende na kitambulisho. Alichokopa atakirudisha mwenyewe, elfu hamsini aliyopewa, mkononi, mbele ya mlezi. Ushuhuda atatoa siku akitaka, usimpangie wewe.

Muuza Vitenge Mbagala:
Na wengine wenye kadi mle waambiwe pia. Akishtuka atakimbilia mashine kabla yao.

Kijana wa Kitonga:
Nimempigia sasa hivi. Kitambulisho cha taifa anacho, na anawajua wawili wengine. Tunakutana getini saa mbili asubuhi, nitawasindikiza.