Video ya sendofu inashtukashtuka nikishaeksipoti, wakuu nisaidieni

PandeZaMoro: Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijarudisha hela ya watu. Nimepiga sendofu Jumamosi, kamera mbili nimeziweka 25 (fremu, yaani picha 25 kila sekunde), engo ya tatu ni simu ya shemeji iko kwenye stendi inamtazama MC muda mwingi. Nimeediti DaVinci Resolve, taimulaini (pale unapopanga klipu) ya 25, humo ndani kila kitu freshi ila nikieksipoti pale bi harusi anaingia ukumbini na kamera inamfuata anakuwa kama anashtukashtuka, sio kuganda, yaani kama gari lenye plagi mbovu. Halafu MC mwanzoni mdomo na sauti viko sawa, ikifika kwenye keki mdomo ushafunga sauti bado inakuja. Laptop ina ram 16, au ndo imechoka? Nimeeksipoti mara nne usiku kucha na luku yenyewe ndo hii

fundi_mtambo: Ram haihusiki mkuu, mashine ikichoka inachelewa tu. Umetoa fremu ngapi?

PandeZaMoro: 30, kuna jamaa kaniambia YouTube inataka 30

fundi_mtambo: Kakuingiza chaka, YouTube inapokea 24, 25, 30, 50, 60 zote. Taimulaini ya 25 ukiitoa 30 kila sekunde zinahitajika fremu 5 ambazo hukuzipiga, sasa programu itazitoa wapi, inarudia zilizopo. Fungua faili lako pale anapopita mlangoni, bonyeza mshale fremu moja moja, utaona anatembea tano halafu ya sita kasimama palepale. Toa 25 kama ilivyo

kijana_wa_engo: si aweke optical flow tu, programu ijitengenezee fremu za katikati yaishe

DadaStudio: Hapana mdogo wangu, hiyo inabuni fremu, mtu akipunga mkono vidole vinayeyuka kama mshumaa. Pande, ya MC ni ugonjwa mwingine. Simu nyingi hazishiki fremu reti moja, ukumbini wakizima taa inashuka yenyewe, wakiwasha inapanda, ndo sauti inaachwa njiani. Pitisha klipu ya simu HandBrake (programu ya kubadili video, ni ya bure), upande wa Video chagua 30 (ndo ya simu) na "Constant Framerate", hiyo itakayotoka ndo uingize, itabidi uipange upya na sauti pole sana. Siku nyingine kama ni iPhone zima Auto FPS (ndo inayobadili fremu yenyewe) na uwashe PAL upate 25, umeme wetu ni 50Hz kwahiyo 25 na shata (muda wa kupiga kila fremu) ya 1/50 hata taa za ukumbi hazichezi

PandeZaMoro: Dada ubarikiwe, MC kanyooka mpaka keki, na mlangoni bi harusi anateleza tu. Ila kuna kipande cha kucheza shemeji aliibeba simu mkononi akazunguka nayo, hicho bado kinaruka kidogo

DadaStudio: Hicho kitaruka, 30 ikiingia kwenye 25 kila fremu ya sita inatupwa. MC katulia ndo maana kwake huoni, mtu akizunguka na kamera lazima uone. Weka kamera ya pili hapo

PandeZaMoro: Nimeweka. Sasa shemeji anauliza kwanini alichopiga yeye hakipo