Insha ya mihrabu ya Kizimkazi

Salma: Shikamooni. Somo la historia ya sanaa limetupa insha ya maneno 1500 juu ya mihrabu, kile kidaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja. Nianzie wapi?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Vitabu baadaye. Kaa mbele yake nusu saa uandike unachokiona tu: kimo, upana, umbo la tao, maandishi yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Neno "zuri" lisiwemo.

Shangazi Rehema: Na uchore. Ukichora unalazimika kuhesabu, ukipiga picha tu huhesabu kitu.

Salma: Tarehe je? Kote naona 1107.

Mjomba Idi: Hapo wengi huteleza. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanataja mwaka 500 Hijria. Ukijumlisha 622, mwaka ilipoanza Hijria, moja kwa moja utapata 1122, umekosea miaka 15, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Zidisha kwanza kwa 0.97, ndipo ujumlishe: 485 + 622 = 1107.

Shangazi Rehema: Na hiyo ni tarehe ya maandishi, si ya kuta zote! Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na upo mwaka mwingine umeandikwa, 1184 Hijria.

Salma: 1184 mara 0.97 ni kama 1148. 1148 + 622... 1770?

Mjomba Idi: Barabara. Usiandike "jengo la 1107".

Salma: Herufi zinalinganishwa na za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Basi waliojenga ni Waajemi?

Shangazi Rehema: Polepole mama. Herufi kufanana kunaonyesha watu walifikiana kwa bahari, hakutuambii nani alishika patasi. Jiwe ni tumbawe la baharini, huchongwa likiwa bichi maana likikauka linakuwa gumu. Kazi hiyo inataka fundi aliye karibu na maji, si mzigo wa kuletwa na jahazi. Eleza herufi aya moja, jiwe aya nyingine, ndipo uhukumu. Ukizichanganya, msomaji hataona ushahidi upi unabeba dai lipi.

Salma: Na picha?

Mjomba Idi: Zima flashi, inafuta kina cha herufi. Mwenzio amulike tochi kutoka ubavuni, vivuli vitazitokeza. Weka rula pembeni bila kugusa jiwe. Msikiti unasaliwa, kwa hiyo omba ruhusa kwa msimamizi na usubiri sala iishe.

Salma: Nitakwenda Jumamosi inshallah.

Shangazi Rehema: Chukua utepe wa mita 5, na penseli badala ya kalamu. Vipimo vya kwanza huwa unavifuta.