Yule bwana wa sindano AMENIPULIZIA WINO KWENYE GOMESI, siku ya kwanjula, bwana harusi anapotambulishwa ukweni!!!

Ssenga_Mkali

Naandika nikiwa bado na gomesi, gauni letu la sherehe, mwilini na doa lake kifuani. Siivui, sitaki hasira ipoe.

Mnamjua. Simtaji jina wala hahitaji kutajwa: yule mjaza wino wa chini ya ngazi, kijiti cha meno nyuma ya sikio, vidole rangi saba. Huyo huyo. LEO AMEWEKA KATRIJI YANGU YA WINO WA PRINTA MDOMONI AKAIPULIZA KAMA TARUMBETA.

Nimesema mdomoni.

Mimi najaza wino mwenyewe nyumbani, mwezi wa pili huu. Nyeusi haijanisumbua hata siku moja. Nabandua stika, naliona tundu, nachoma sindano polepole mpaka kwenye sponji, mililita tano, sita, nikiona wino unachungulia tunduni nasimama, navuta kidogo urudi. Mdomo wa katriji naugandamiza juu ya tishu, siusugui. Jana nikajaza ile ya rangi, yenye vyumba vitatu. Samawati ikatoka, njano ikatoka, majenta, ile waridi iliyokolea, ikagoma kabisa. Picha ya bibi harusi ikatoka kijani kama kinyonga! Na ratiba hamsini zinasubiri, na mimi ndiye ssenga wa binti, shangazi yake, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wageni kumtambua bwana harusi.

Basi asubuhi nikavaa kabisa. Gomesi ya krimu, mshipi wa dhahabu, boda nimekaa upande. Nikamkuta na foleni yake. Akaichukua katriji, akaigeuza, akawaambia watu wote, "Huyu nnyabo anajaza wino kama anayejaza mafuta ya taa kwenye koroboi." Wakacheka. Nikanyamaza, nina haraka. Kisha akaweka midomo kwenye tundu la juu, akavimbisha mashavu, akapuliza. Majenta iliyokuwa imegoma tangu jana ikatoka yote kwa pumzi moja. Kifuani kwangu.

Mnadhani alisema pole? Alisema, "Nnyabo, kwa fundi wa wino mtu haji na nguo nyeupe."

NYEUPE! Ni krimu!

Na elfu kumi na tano akapokea, akazikunja, akatia mfukoni. Nimefika Mukono kama mtu aliyechinja ng'ombe wa mahari kwa meno. Saa tatu nzima nimesimama na mkoba kifuani kama mtoto wa shule anayeficha daftari. "Mtu haji na nguo nyeupe." Banange!

boda_wa_ntinda

Pole sana ssenga. Picha ya doa iko wapi?

Kikoni_Boy

Huyo bwana namjua hadi kikohozi chake. Yangu aliitumbukiza yote kwenye maji ya moto, mpaka zile sahani za shaba za nyuma, kama anachemsha yai. Nikairudisha kwenye printa, printa ikasema haiitambui. Nikamrudia, akaniambia printa yangu ina majivuno.

Mama_Pacha

"Printa ina majivuno" 😂😂😂 Mimi aliniambia katriji yangu imechoka, ipumzike Jumapili.

fundi_wa_jinja

Ssenga, pole, lakini nawe una lako.

Kupuliza ni kosa kubwa, hapo sibishani. Vyumba vile vitatu vinatenganishwa na kuta nyembamba. Ukisukuma pumzi kwa nguvu, rangi moja inaingia kwa mwenzake, na kesho njano yako itatoka rangi ya matope. Isitoshe, mate.

Sasa nikuulize: majenta ilipogoma, uliendelea kuchapa? Katriji zenye kichwa cha kuchapia humo humo zina vipashio vidogo sana vinavyochemsha wino kidogo, povu linausukuma nje. Wino huo huo ndio unaovipoza. Ukichapa pakavu vinaungua, na kilichoungua hakifufuliwi na sindano. Na bomba la sindano je, ulitumia lile lile la nyeusi? Wino mweusi mara nyingi ni wa pigimenti, yaani chembe zisizoyeyuka, wa rangi ni wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka. Vikichanganyika vinaweza kuganda, vitundu vinaziba.

Dawa yake ilikuwa hapo hapo nyumbani. Nunua maji ya betri kituo cha mafuta, yale masafi ya kuongezea, SIO ASIDI, soma chupa mara mbili. Pasha yawe vuguvugu, mimina kwenye kifuniko, kina cha milimita mbili tatu tu, simamisha katriji mdomo chini dakika tano. Shaba isiguse maji. Kisha igandamize juu ya tishu iliyokunjwa. Ukiona mistari mitatu, samawati, majenta, njano, vitundu vimefunguka. Ukiona miwili, rudia.

Ssenga_Mkali

Fundi, bomba nina manne, nyeusi na lake, kila rangi na lake, nimeyaandika kwa kalamu. Na kabla ya kujaza nilichoma kijiti cha meno kila tundu nione rangi gani iko wapi. Nilichapa ratiba tatu tu nikaona kijani, nikazima. Usinigeuzie kesi. Mimi sikupuliza. Yeye alipuliza. Kwa MDOMO. Halafu akasema nguo nyeupe.

mzee_wa_kireka

Lakini mama, mtu aliyevaa gomesi ya kwanjula anasimama hatua moja kutoka kwa mtu wa majenta? Hata mchinja kuku tunamsimamia mbali.

Kikoni_Boy

😂😂 Mzee umeua.

Ssenga_Mkali

Mzee, nilisimama mbali! Wino uliruka! Kuna mama nyuma yangu ulimpata kwenye kikapu cha nyanya!

Mama_Pacha

Nyanya hazina shida, rangi ni ile ile.

dada_wa_masaka

Ssenga, achana nao, okoa gomesi kwanza. Usiweke maji ya moto, na usipige pasi, utalipika doa likae milele. Mimina maji baridi upande wa nyuma wa kitambaa, wino urudi ulikotoka. Halafu pamba na spiriti, lakini jaribu kwanza kwenye pindo usije ukatoa na krimu yenyewe. Unagonga gonga, husugui. Badilisha pamba kila inapopata rangi. Wino wa dai una matumaini. Ungekuwa mweusi wa pigimenti ningekwambia ushone ua juu yake.

Ssenga_Mkali

Asante dada, mtu wa kwanza mwenye akili humu. Naenda kuivua sasa.

mhasibu_mbale

Naomba niulize hapa hapa. Nimejaza nyeusi, inachapa vizuri kabisa, lakini printa inapiga kelele wino umekwisha. Inadanganya?

fundi_wa_jinja

Haidanganyi, inahesabu tu. Haioni kama umejaza, inakadiria matone iliyotoa tangu katriji iwe mpya. Kwa Canon nyingi, tahadhari ikija bonyeza kile kitufe cha kusimamisha, kishikilie sekunde tano hivi, itaacha kuuliza. Ila kuanzia hapo macho ni yako. Ikianza kufifia, acha kuchapa, jaza.

boda_wa_ntinda

Na ile "safisha kichwa" kwenye kompyuta? Mimi naibonyeza mara kumi kumi.

fundi_wa_jinja

Mara kumi?! Kila mara inamwaga wino wako kwenye sponji la taka. Mbili, tatu, basi. Ikikataa, iache saa chache mdomo juu ya tishu yenye unyevu. Na usiiache nje ya printa wiki nzima uchi, inakauka.

kaka_wa_arua

Watu wa katriji mnateseka bure. Mimi nina Epson ya matangi, namimina wino kwa chupa kama juisi. Sijaona sindano tangu chanjo.

mzee_wa_kireka

Usiidharau sindano, kijana. Canon wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wao aligusisha chuma cha kulehemu kwenye sindano ya wino kwa bahati mbaya, wino ukaruka, na hapo ndipo wazo la kuurusha kwa joto lilipoanzia.

Ssenga_Mkali

Ukaruka kwa joto, mzee. HAUKUPULIZWA. Nimerudi, doa limebaki waridi. Na hajapiga hata simu, namba yangu anayo!

Mama_Pacha

Afadhali wewe gomesi unayo. Yangu iko kwa fundi cherehani tangu Pasaka. Kila nikienda, "nnyabo, imebaki vifungo." Gomesi ina vifungo viwili!

dada_wa_masaka

Ni yule mwenye redio kubwa mlangoni?

Mama_Pacha

HUYO HUYO!

mhasibu_mbale

Suti yangu ya kuhitimu iko kwake. Nimeshahitimu.

Ssenga_Mkali

Jamani, turudi kwenye gomesi yangu.

Kikoni_Boy

Huyo wa redio alinishonea suruali, mguu mmoja ukafika magotini. Nikamuuliza, akasema nisimame vizuri.

dada_wa_masaka

Aliniambia mimi pia nisimame vizuri! Mama Pacha, mfungulie uzi wake.