Pedali za klipu za kupanda msituni: SPD ama eggbeater?

mwendo_wa_kinoo
Wakuu habari za jioni. Mwaka wa pili sasa niko na pedali flati, baiskeli ni ya mitumba lakini iko sawa, na wikendi napiga Karura ama Ngong. Shida ni kupanda. Nikifika kwa mizizi mguu unaruka, na juzi zile pini za pedali zilinichuna muundi mpaka soksi ikalowa damu. Nataka kuhamia zile za kufunga kiatu na kliti, kile kichuma cha chini ya soli kinachonasa kwa pedali. Wengi naona wako na SPD za Shimano, lakini kuna jamaa tulipanda naye Ngong ana eggbeater za Crankbrothers anasema kwa matope hakuna kama hizo. Pesa si nyingi, nikinunua sitaki kununua tena. Na nasema ukweli, naogopa kuanguka nikiwa nimefungwa.

chai_na_milima
Chukua SPD mkuu. Ile modeli ya M520 ni nzito kidogo, jozi kama gramu 380, lakini hizo gramu hutazihisi, na bei yake inavumilika. Kitu kinanifanya nikuambie SPD ni hiyo hofu yako, kwa sababu springi yake inalegezwa. Chukua alenki ya milimita 3, legeza mpaka mwisho, na kumbuka kila pedali ina nyuso mbili kwa hivyo ni skrubu nne za kulegeza si mbili, watu wengi hulegeza upande mmoja tu halafu wanashangaa mbona leo mguu umekataa kutoka. Pia tafuta kliti za SH56. Zinazokuja na pedali kawaida ni SH51, hizo zinaachia ukipeleka kisigino kando tu, lakini SH56 inaachia hata ukivuta mguu juu kimshazari ukiwa na wasiwasi. Anza ukiegemea ukuta, funga fungua mara hamsini, kisha nenda kwa nyasi. Utaanguka ukiwa unasimama, si ukiwa kasi, kwa hivyo toa mguu kabla baiskeli haijakata mwendo.

tope_jekundu
Hayo yote ni kweli lakini mvua ya Aprili je? Ule udongo wa upande wa Kiambu unanata kama ugali haujaiva, unashuka kusukuma baiskeli mita kumi na soli imejaa. Eggbeater iko wazi, tope linapita katikati, na ina pande nne za kuingilia. Ubaya wake nao nautaja: kliti ni za shaba, zinalika haraka hasa ukitembea kwa mawe, na springi haina pa kulegeza. Unachoweza ni kubadilisha kliti ya kulia na kushoto, hapo pembe ya kuachia inahama kati ya digrii 15 na 20. Kama unapanda mwaka mzima mvua jua, mimi nasema eggbeater. Kama masika unapumzika, SPD inatosha.

spoki_36
Mmesema pedali na hakuna ametaja skrubu za kliti. Mwaka jana msitu wa Kereita skrubu moja ilidondoka njiani na sikujua, nikafika kwa kidaraja cha mbao nikazungusha kisigino kama kawaida, kiatu kikazunguka na kliti ikabaki palepale imeshika pedali, nikaenda chini upande wa kulia mzima mzima. Wenzangu walinifungua kamba mguu ukatoka, kiatu kikabaki kinaning'inia kwa baiskeli. Kliti inashikwa na skrubu mbili, ikibaki moja inazunguka tu na kiatu haiachii, na hiyo haijali ni SPD ama eggbeater. Paka grisi, kaza na alenki ya 4, na ukitoka safari ya kwanza kaza tena.

Viatu tafuta soko za mitumba, Toi ama Gikomba, vipo, lakini geuza soli uangalie. Matundu matatu ni vya barabarani, wewe unataka vya mifereji miwili. Usipoona mfereji usikate tamaa, mara nyingi kuna kifuniko cha mpira hapo, unakitoa. Na pedali ya kushoto uzi wake umegeuzwa, usije ukaharibu krenki.

mwendo_wa_kinoo
Asanteni sana wote. Nimechukua M520 na kliti za SH56, viatu nimepata Toi. Nimefanya mazoezi ya nyasi wiki nzima, nimeanguka mara mbili, sijaumia. Sasa mguu wa kulia unaingia vizuri, wa kushoto hauingii mpaka nikanyage kwa nguvu zote. Springi nimelegeza zote nne.

spoki_36
Angalia soli kando ya kliti. Kama mpira umegusa pedali kabla kliti haijafika, ndio hiyo. Punguza mpira na kisu kikali, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

mwendo_wa_kinoo
Ni hiyo. Nimekata kama milimita mbili na imelia klak. Jumamosi asubuhi niko Karura, geti ya Kiambu Road, mwenye anapanda aje.